Asile, Asinywe

Nzuki Mulei hakuwa mtu wa kukaa mahali. Hata kanisani Kathonzweni walikuwa wamemzoea: mahubiri yakirefuka kidogo, yeye huyo, ametoka nje kutazama kama punda wake bado amefungwa. Kazi yake ilikuwa kuchimba visima, na mwaka ule wa themanini na nne, mvua ilipokataa kabisa, hakuna aliyetafutwa kuliko yeye. Kila boma lilitaka kisima, na karibu kila kisima kilitoa vumbi. Njaa ile watu waliiita Nikw'a Ngwete, nafa huku nimeshika, kwa sababu hata mwenye kitu mkononi hakujua aende kununua chakula wapi.

Ndila, mke wake, ndiye aliyekuwa na utulivu wa nyumba nzima. Alizaa watoto wake wote bila kupiga ukelele, na nyoka alipomuuma shambani alirudi nyumbani kwa miguu yake, akaketi, akaomba wembe. Kwa hiyo adhuhuri ile Nzuki aliporudi kutoka kazini akamkuta sakafuni, amejikunja, magoti yamegusa kifua, analia kama mtoto mchanga, alitupa sururu mlangoni akamkimbilia.

"Mama Mutindi! Ni nini?"

"Hapa." Alijigusa chini ya kifua. "Inapita mpaka mgongoni. Kama mtu ananichoma na chuma cha moto."

Jana yake walikuwa wamepata chakula cha msaada, mahindi ya njano na kopo la mafuta. Baada ya miezi ya kuishi kwa mboga za porini na uji mwepesi, Ndila alikaanga mahindi na maharagwe mafuta yakaelea juu, na wote wakala wakashiba. Watoto hawakuumwa. Yeye Ndila hakuweza hata kulala chali. Maumivu yalipungua kidogo tu alipoinama mbele. Kila kilichoingia mdomoni kilirudi.

Katika zahanati waliambiwa ni vidonda vya tumbo, wakapewa vidonge vyeupe vya kutafuna. Akavitapika. Kesho yake weupe wa macho ulikuwa umeingia manjano, na jirani mmoja alishaanza kunong'ona habari za sumu. Nzuki alizunguka soko zima la Kathonzweni akitafuta gari kama mtu aliyepoteza ng'ombe, mpaka akampata Jabiri, mfanyabiashara wa Kitui aliyekuwa ameleta mahindi na alikuwa anarudi na lori tupu.

"Mpandishe," Jabiri alisema bila kuuliza mengi. "Kwetu Kitui kuna hospitali ya misheni. Iko na daktari wa kupasua."

Neno hilo, kupasua, likamwingia Nzuki likakaa. Njiani, akiwa amempakata mkewe juu ya magunia matupu, huku lori likiwarusha kwa kila shimo na Ndila akiuma kona ya leso asipige kelele, alijiambia neno hilohilo. Watampasua, watatoa kilicho ndani, atapona. Ndivyo alivyoijua dunia. Kama kitu kiko chini, unachimba.

Daktari aliitwa Mutiso, kijana wa Mwingi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimbonyeza Ndila tumbo taratibu, akamtazama macho, akatoa damu ya kupimwa. Kisha akamgeukia Nzuki.

"Mama huyu hunywa pombe?"

Nzuki alisimama ghafla, stuli ikaanguka. "Daktari! Huyu ni kiongozi wa akina mama kanisani!"

"Mzee, sijamtukana. Ugonjwa ninaoushuku una milango miwili mikubwa, na mmoja ni pombe. Kama hakuingia kwa huo, nitautazama wa pili. Amezaa mara nyingi?"

"Sita."

"Na amekonda karibuni?"

Nzuki alicheka bila furaha. "Daktari, nani hajakonda?"

Majibu ya damu yaliporudi, Mutiso alimwita nje kwenye baraza. Alimweleza kwa Kikamba, polepole, akichora kwa kidole juu ya kiganja chake. Nyuma ya tumbo, alisema, kuna kiungo kinaitwa kongosho, kimelala kama samaki. Kazi yake ni kutoa maji makali ya kusaga chakula. Maji hayo hupita kwenye mfereji mwembamba, na mlangoni hukutana na ule wa nyongo. Mtu akikonda haraka, nyongo huweza kuganda ikawa vijiwe. Kijiwe kikishuka kikaziba pale mlangoni, maji makali hukosa njia.

"Yanaanza kusaga kongosho lenyewe. Ndiyo huo moto anaousikia mama."

"Basi mpasue uitoe hiyo jiwe."

"Hapana."

Nzuki alifikiri hakusikia vizuri. "Dawa yake basi ni gani?"

"Kupumzisha kongosho. Asile, asinywe, hata tone. Tutapitisha mrija puani mpaka tumboni, tuvute kila kilichomo. Maji atapewa kwa mshipa, mengi, maana mwili wake unakauka kwa ndani. Sindano ya kutuliza maumivu. Halafu tunangoja."

"Tunangoja nini?"

"Kongosho lipoe."

Juu ya kitanda cha Ndila wakatundika kibao: ASILE, ASINYWE.

Hapo ndipo mateso ya Nzuki yalipoanza. Angekuwa na kitu cha kubeba, angebeba. Alikaa kando ya kitanda, akainuka. Akaenda mpaka lango, akarudi. Akahesabu matone ya dripu mpaka akachanganyikiwa, akamwita Sista Kasyoka, muuguzi wa wodi, kumwambia kwamba maji yameacha kushuka, kumbe yanashuka. Akatoka tena, akaona bawaba ya lango imelegea, akaitengeneza kwa jiwe na msumari aliouokota. Akaona benchi linayumba, akaligonga pia. Mwishowe Sista Kasyoka akamwambia, "Baba Mutindi, ukimaliza benchi uje utengeneze na paa, lakini ufanye polepole, wagonjwa wamelala."

Kiu ndiyo iliyomtesa Ndila baada ya sindano kupunguza maumivu. Midomo ilipasuka. Wodi nzima ilikula mchana, harufu ya maharagwe ikajaa, na yeye akafuata kila kijiko kwa macho.

"Baba Mutindi. Tone tu. Hakuna atakayeona."

Nzuki alikuwa ametafuta maji ardhini tangu ujana wake. Alikuwa amewapa watu asiowajua hata majina, na sasa mke wake alikuwa anamwomba tone. Alichovya kitambaa safi ndani ya kikombe kama Sista alivyomwonyesha, akampangusa midomo. Ndila akakinyonya kitambaa kwa nguvu hata Nzuki akalazimika kukivuta. Akatoka nje tena, akatembea kuzunguka uzio wa hospitali mpaka mlinzi akamuuliza anatafuta nini.

Alikuwa amemtuma Jabiri apeleke habari kwa mama yake Ndila, bibi kizee aitwaye Syombua aliyeishi upande wa Mutomo. Hakumtuma na maneno mengi: Ndila ni mgonjwa, yuko Kitui, hali chakula. Kwa nini hali, hilo hakulieleza, kwa kuwa hata yeye lilikuwa bado halijamkaa kichwani.

Syombua alikuja. Nzuki alikuwa anarudi kutoka bombani alipoona, kupitia mlango wa wodi, mgongo wa mama mkwe wake umeinama juu ya kitanda. Miguu ya kizee ilikuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini. Mkono mmoja ulikuwa umeinua kichwa cha Ndila. Mwingine ulikuwa umeshika kibuyu cha uji wa wimbi. Wimbi, mwaka ule! Bila shaka ilikuwa mbegu, ile ya mwisho iliyofichwa darini kungoja mvua. Na mdomo wa Ndila, pamoja na mrija wake, ulikuwa umeshafunguka.

Kwa Mkamba kuna kitu kinachoitwa nthoni, heshima iliyochanganyika na haya, na hakuna mahali inapokuwa kali kama kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Humsogelei ovyo. Humwingilii akiwa kando ya kitanda. Hupokei kitu mkononi mwake hivi hivi, seuze kumgusa. Katika miaka yote ya ndoa yake, Nzuki alikuwa amesalimiana na Syombua kwa mbali, macho chini, na kila walipokutana njiani mmoja wao alipisha.

"Mama, ngoja," alisema kutoka mlangoni. Syombua, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, hakugeuka. Nzuki akatazama huku na huku amtafute Sista Kasyoka. Hayupo. Kibuyu kikagusa mdomo.

Akakimbia. Alikipiga kibuyu kwa mkono, na mkono huo ukagonga kifundo cha mkono wa mama mkwe wake. Kibuyu kikaanguka kikapasuka, na uji ukatapakaa sakafuni chini ya vitanda, mwekundu, mzito, wenye vuguvugu bado kwa kukumbatiwa njia nzima.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke aliyelala na mtoto mwenye utapiamlo, aliutazama ule uji akaanza kulia.

Syombua hakulia. Alikitazama kifundo chake, halafu kwa mara ya kwanza katika maisha yao akamtazama Nzuki usoni. "Umenipiga," alisema. "Mwanangu anakufa njaa, nawe umenipiga." Akajifunga kanga vizuri, akatoka, akaketi nje chini ya ukuta, akiwa ameupa mlango mgongo.

Nzuki alipiga magoti kufuta sakafu. Alikuwa anausambaza uji badala ya kuukusanya. Nyuma yake Ndila alikuwa amefumba macho, machozi yakifuata mrija.

Mambo hayakuishia hapo. Mchana uleule akafika Jonah, kaka yake Ndila, mwenye duka Sultan Hamud, na gari la kuazima. Alimkuta mama yake nje ukutani, akasikia yote, akaingia akiwa amekunja uso.

"Shemeji, mambo ya mama tutayaongea mbele ya wazee. Kwanza dada yangu. Hii ni matibabu gani ya kumnyima mtu? Watu wanakufa njaa huko nje, na nyinyi mnamlipa daktari amfanye afe njaa ndani? Nimeongea na daktari mmoja Nairobi. Anasema nimlete, anampasua siku hiyohiyo."

Daktari Mutiso aliitwa. Jonah alimrudia maneno yale, kwa sauti zaidi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli," alisema. "Wapo madaktari wanaopasua mapema, wakaosha tumbo kwa maji. Wapo wanaongoja kama mimi. Nilipiga simu kwa mwalimu wangu, naye ameniambia ningoje. Kongosho likiwa limevimba hivi ni laini kama ini la kuku; ukiligusa linavuja damu. Likitunga usaha nitapasua, sitakuwa na njia nyingine. Leo sioni usaha."

"Na atapona?"

"Sijui."

Jonah akapiga makofi mara moja, kwa dharau. "Umesikia, shemeji? Hajui! Daktari mzima!"

Nzuki alisikia. Alikuwa ameona waganga wa maji wengi, wenye vijiti vyao, wanaosimama mahali wakaapa kwamba hapa ndipo. Alikuwa amechimba hapo walipoapa, akakuta vumbi. Lakini hakuwa anafikiri vizuri. Mwili wake wote ulikuwa umeshaingia kwenye lile gari. Kwenda kokote kungekuwa nafuu kuliko kusimama hapa. Barabara ya Nairobi ilikuwa kitu cha kufanya. Akainama achukue leso na kikombe cha Ndila vilivyokuwa kwenye kabati dogo.

"Nani kati yenu ameniuliza mimi?"

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, mrija ukiiziba. Wote wakageuka. Ndila alikuwa amefumbua macho yake ya manjano.

"Lori lilinitikisa mpaka nikamwona marehemu baba. Sipandi gari tena. Huyu daktari akisema anipasue, anipasulie hapa. Akisema nikae na kiu, nitakaa na kiu. Jonah, mpeleke mama akapumzike, umpe kitu ale, maana najua huo uji hakuonja. Na wewe, Baba Mutindi." Akapumua. "Kaa chini. Unanichokesha kuliko ugonjwa."

Nzuki akakaa. Jonah alisimama kidogo, kisha akasema kwamba yeye ameshasema, damu ya dada yake isije ikaulizwa kwake, akatoka. Nje mlango wa gari ukabamizwa.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko hayo yote. Homa ilipanda. Ndila alianza kupumua kwa haraka, juu juu, wakamletea mtungi wa oksijeni. Mutiso akaongeza dawa ya kuua vijidudu kwenye dripu, na kila alipopita alilibonyeza tumbo, na Nzuki akausoma uso wake kama mtu anayetazama mawingu ya Oktoba. Sasa neno lile kupasua lilimtia baridi. Miguu yake ilicheza chini ya kitanda, lakini alikaa. Sista Kasyoka akamfundisha kuangalia mfuko wa mkojo. Ukipungua na kuwa mweusi, alisema, uniite mbio; ukiongezeka na kupauka, mshukuru Mungu. Nzuki aliulinda mfuko ule kama alivyolinda maji ya kwanza yanayotoka chini ya mwamba. Ulikaa siku kadhaa ukiwa mweusi. Kisha ukaanza kupauka.

Asubuhi moja, wakati wodi inafagiliwa, tumbo la Ndila lilinguruma kwa sauti, na Ndila, kiongozi wa akina mama, akajamba. Alijifunika uso kwa aibu. Sista Kasyoka aliangusha ufagio akapiga vigelegele.

"Matumbo yameamka! Mwiteni daktari!"

Mrija ukatolewa. Maji yakaja kwa kijiko, baadaye chai isiyo na maziwa, baadaye uji mwepesi. Ndila aliyaweka yale maji ya kwanza mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza.

Lakini Mutiso hakuwaachia hivyo. Macho yalipokuwa meupe tena na Ndila anaweza kutembea mpaka lango na kurudi, aliwaita wote wawili. Mfuko wa nyongo bado una vijiwe, alisema. Kile kimoja kilipita chenyewe. Kingine kitashuka siku yoyote. "Sasa ndio wakati wa kupasua na kuutoa mfuko wote."

"Sasa?" Nzuki aliruka. "Ulisema kupasua kutamuua!"

"Wakati ule. Nyumba ikiwaka huingii ndani kutafuta kiberiti. Sasa moto umezimika."

Nzuki alifungua mdomo abishe, halafu akamgeukia mkewe. "Unasemaje?"

Ndila alifikiri. "Yale maumivu sitayarudia mara ya pili," alisema. "Akate."

Siku ya upasuaji Nzuki alitembea mpaka soko la Kitui, akasahau alichokwenda kufanya, akarudi. Jabiri alimkuta langoni akamshikilia mkono, wakasimama hivyo mpaka Mutiso alipotoka na chupa ndogo. Ndani yake mlikuwa na vijiwe vya rangi ya kahawia, vingine vidogo kama punje za mtama. Nzuki aliigeuza chupa juani. Alikuwa amevunja miamba kwa baruti maishani mwake. Akamrudishia daktari, akaenda nyuma ya jengo, akatapika.

Ndila alirudi Kathonzweni na kovu refu chini ya mbavu na amri ya kukaa mbali na mafuta. Mvua ya vuli ilinyesha mwaka huo, na ilipokwisha kulainisha ardhi, Nzuki alichukua wazee wawili wa ukoo na mbuzi jike aliyempata kwa kuchimba kisima kizima, wakaenda Mutomo. Aliyemvunjia mama mkwe nthoni hawezi kukaa kimya. Mpaka alipie, nyumba mbili haziwezi kula pamoja. Jonah alikuwepo pia. Alimsalimia Nzuki kwa ufupi, lakini alimsalimia.

Syombua aliketi mlangoni pa nyumba yake, kanga imefunika nusu ya uso, na wazee wakasema yaliyopaswa kusemwa. Alipojibu, alizungumza na wazee, si na Nzuki.

"Mwambieni mkono nimeshausahau. Kilichoniuma ni kwamba alituma mtu mpaka kwangu, na hakumpa neno moja la kuniambia kwa nini. Hali, hali chakula. Mtoto wangu hali! Ningejua uji ni sumu kwake, ningekaa nje nao."

"Mama," Nzuki alisema, macho chini, "sikuwa na maneno."

"Mwambieni siku nyingine atafute maneno kwanza."

Mmoja wa wazee akatoa kisu, kwa maana mbuzi wa namna hii huchinjwa na kuliwa palepale. Syombua akainuka. Alimzunguka yule mnyama, akampapasa tumbo kwa mkono wake mkavu, akapapasa tena chini, karibu na chuchu.

"Rudisha kisu," alisema. "Huyu ana mimba. Hamkuona?"

Wazee wakatazamana. Nzuki, aliyekuwa amemfunga kamba, akamvuta na kumlisha njia nzima kutoka Kathonzweni, hakuwa ameona. Syombua alishaichukua kamba mikononi mwa mkwe wake, na alikuwa anampeleka mbuzi nyuma ya nyumba, akimsemesha, kwenye majani mapya.